Jani na Kivuli: Elimu ya Mimea katika Miteremko ya Kilimanjaro

Katika kazi zote zifanyikazo duniani hakuna iliyo kimya kuliko kazi ya jani, wala hakuna inayoishinda kwa ukubwa. Mtu hula, mnyama hula, kuni huwaka jikoni, na asili ya yote hayo ni jani lililokaa juani likageuza maji na hewa kuwa chakula. Kazi hiyo hufanyika ndani ya vijipunje vya kijani visivyoonekana kwa jicho tupu, ambavyo wanavyuoni huviita kloroplasti. Historia ya vijipunje hivi aghalabu huandikwa kana kwamba ni historia ya maabara za Ulaya na Marekani peke yake. Walakini iko historia nyingine, nayo ni ya watu waliojua kuigawa nuru kwa mimea yao kabla ya darubini kufika kwao. Mahali pa kuitazama historia hiyo ni Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, ambako elimu ya wenyeji na elimu ya wageni zimekaa jirani kwa muda unaozidi karne moja, mara zikisikilizana, mara zikipishana njiani bila salamu.

Kihamba ni shamba la nyumbani la Mchaga, linaloizunguka nyumba na kurithiwa na mwana kutoka kwa baba. Mgeni apitaye barabarani huliona kuwa ni kichaka; mwenyewe hulijua kuwa ni jengo la ghorofa. Juu kabisa husimama miti mirefu kama mringaringa, na msesewe ambao gome lake hutiwa katika pombe ya mbege. Chini ya miti huja migomba, mingine ya mchare unaopikwa mtori, mingine ya ndizi za pombe. Chini ya migomba husimama mibuni, na chini ya mibuni hutambaa magimbi, maharage, mboga na majani ya ng'ombe afugwaye zizini. Samadi ya ng'ombe huirudia migomba, na maji ya mito huletwa kwa mifereji iitwayo mifongo. Masale hupandwa mpakani, yakimwambia kila mtu haki yake inapokoma. Katika jengo hili kila ghorofa hula nuru iliyobakishwa na ghorofa iliyo juu yake, na jirani huishi kwa masazo ya jirani pasipo ugomvi.

Mbuni ni mpangaji wa baadaye katika jengo hilo. Ulifika mwishoni mwa karne ya 19. Mpango wenyewe ulikuwapo tayari, na ndiyo maana mgeni huyo alipata nafasi mara moja.

Wakati Wachaga wakilima hivyo, Ulaya ilikuwa ikilifumbua fumbo la jani hatua kwa hatua. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz alionyesha kwamba jani huitengeneza hewa kuwa safi likiwa katika nuru tu, wala si gizani. Hugo von Mohl alivieleza vijipunje vya kijani mwaka 1837. Katika miaka ya 1860 Julius Sachs alithibitisha kwamba wanga huzaliwa ndani ya vijipunje hivyo jua linapovipiga: alifunika sehemu ya jani, akaiacha nyingine wazi, kisha akatia iodini, upande uliopata nuru ukageuka mweusi, uliofunikwa haukugeuka. Mwaka 1883 Andreas Schimper akaongeza jambo la ajabu zaidi, kwamba kloroplasti hazifanyizwi upya na seli, bali hugawanyika kutokana na kloroplasti zilizotangulia, kama kwamba ni viumbe vya pekee vilivyopangisha ndani ya mmea. Wazo hilo lilidharauliwa muda mrefu, mpaka Lynn Margulis alipolifufua mwaka 1967. Leo linakubaliwa na wanavyuoni wote wa fani hiyo.

Elimu ya namna hii ilipanda Kilimanjaro ikifuata njia za wasafiri. Johannes Rebmann aliiona theluji ya mlima mwaka 1848, na wakubwa wa elimu huko Ulaya wakamfanyia mzaha. Karl Klaus von der Decken alifika miaka ya 1861 na 1862, na jina lake limebaki katika lobelia kubwa ya mlimani. Mwaka 1884 Harry Johnston alikaa miezi kadhaa akikusanya mimea na wanyama kwa ajili ya vyama vya elimu vya Uingereza, na papo hapo akifanya mikataba ya ardhi na watawala. Hapo msomaji huona tangu mwanzo jinsi mkono mmoja ulivyochuma majani na mkono wa pili ukaishika nchi.

Mtaalamu wa kwanza wa mimea aliyekaa kwa utulivu mlimani alikuwa Georg Volkens, Mjerumani aliyetumwa katika kituo cha elimu kilichojengwa Marangu. Hakuwa mkusanyaji wa maua tu. Kabla ya hapo alikuwa ameandika kitabu juu ya mimea ya jangwa la Misri, akieleza jinsi umbo la ndani la jani linavyoupatanisha mmea na jua kali na ukame. Kwa hiyo alikuja Kilimanjaro na swali lililomfaa mlima ule: jani hubadilikaje mtu apandapo kutoka nyika yenye joto, akapita msitu wa mvua, hata kufikia baridi ya juu? Kitabu chake juu ya Kilimanjaro, kilichotoka Berlin mwaka 1897, kilikuwa msingi wa utafiti wa mimea ya mlima huo kwa miaka mingi.

Lakini miaka aliyokaa huko, tangu 1892 hadi 1894, haikuwa miaka ya amani. Mwaka 1892 mashujaa wa Mangi Meli wa Moshi waliwashinda askari wa Kijerumani. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda. Mangi Marealle wa Marangu alikuwa rafiki wa wageni, na kituo kilikaa chini ya kivuli cha urafiki huo. Mwaka 1894 Carl Lent, mtaalamu wa miamba wa kituo hicho, aliuawa Rombo pamoja na mwenzake. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Moshi ya Zamani pamoja na viongozi wengine, na kichwa chake kinasimuliwa kuwa kilipelekwa Ujerumani. Jamaa zake wamekuwa wakikitafuta hata karne hii. Haifai basi kuisimulia historia ya elimu ya mimea katika mlima huu kana kwamba ilipita katika bustani. Ilipita vitani, na wenye kujua zaidi juu ya mimea hiyo hawakuulizwa habari isipokuwa majina.

Majani yaliyokaushwa na Volkens yalisafirishwa hadi Berlin, yakawekwa katika hazina kubwa ya mimea mikavu. Mengi kati yao yalikuwa vielelezo vya asili, yaani yale ambayo jina la aina nzima lilifungwa kwayo. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliianguka nyumba hiyo ya hazina, na sehemu kubwa ya mamilioni ya vielelezo ikateketea. Mambo mawili yanafaa kuwekwa pamoja hapa. Elimu iliyochumwa, ikakaushwa na kuwekwa mbali, iliungua kwa usiku mmoja. Elimu iliyobaki kihambani, isiyoandikwa popote, iliendelea kuchipua kila mvua za masika. Si hoja ya kuyadharau maandishi, kwa kuwa pasipo maandishi ya Volkens hata hasara hiyo isingepimika. Ni hoja ya kwamba elimu isiyo na makao mahali ilipozaliwa imesimama juu ya mguu mmoja.

Mbuni uliifungua sura ya pili. Wamisionari Wakatoliki wa Kilema walikuwa kati ya wa kwanza kuupanda mlimani, na walowezi wakaufuata kwa mashamba makubwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Charles Dundas, ofisa wa serikali ya Kiingereza mjini Moshi, aliwatia moyo Wachaga waulime katika vihamba vyao. Walowezi wakapinga. Hoja yao kubwa ilivaa kanzu ya sayansi: kwamba mkulima Mwafrika hawezi kuitunza mibuni, na kwamba kihamba chake kitakuwa kiota cha wadudu na magonjwa ya kuyaangamiza mashamba ya jirani. Jibu la Wachaga halikuwa maneno matupu. Mwaka 1925 waliunda Chama cha Wakulima Wenyeji wa Kilimanjaro, rais wake akiwa Joseph Merinyo, na moja ya kazi za chama hicho ilikuwa kupiga dawa na kupambana na wadudu wa mibuni. Walijibu hoja ya maradhi kwa bomba la dawa. Kutoka katika chama hicho kilizaliwa mwaka 1933 Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, kijulikanacho kwa herufi za KNCU.

Hofu ya maradhi yenyewe haikuwa uongo. Mwaka 1869 kutu ya majani ilionekana katika mibuni ya kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Kutu hiyo ni kuvu iingiayo katika jani kwa vitundu vya hewa vilivyo upande wa chini, ikala ndani, kisha ikatoa unga wa rangi ya machungwa. Palipokuwa na kijani panageuka manjano, jani huanguka kabla ya wakati wake, na mbuni hubaki uchi bila kiwanda cha chakula. Harry Marshall Ward alipelekwa Ceylon miaka ya 1880 na 1881 kuichunguza, akaeleza maisha yake. Lakini mashamba yalikuwa yamekwisha kushindwa, na kisiwa kikageukia chai. Kisa hicho kiliwafundisha wakulima wa kahawa ulimwenguni kwamba utajiri wa zao hilo umetundikwa juu ya afya ya jani.

Kwa sababu hiyo kituo cha utafiti wa kahawa kilifunguliwa Lyamungu mwaka 1934, magharibi ya mji wa Moshi, katika ukanda ule ule wa migomba na mibuni. Hapo miti mama ilichaguliwa mmoja mmoja, ikapimwa mavuno yake mwaka hata mwaka, na watoto wake wakalinganishwa. Kutoka katika kazi hiyo ya subira zilitoka aina kama N39 na KP423, ambazo miche yake ilienea katika vihamba na mashamba ya kaskazini. Katika miaka ya 1960 ukaingia ugonjwa wa chulebuni, unaoozesha buni zikiwa changa, na utafiti ukapata adui mpya. Tangu mwaka 2001 kazi ya Lyamungu imeendelezwa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, ambayo imetoa aina chotara zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani pia.

Lakini swali lililo karibu zaidi na kloroplasti ni swali la kivuli, nalo liliwagawa wataalamu wa kahawa wa Afrika ya Mashariki kwa miaka mingi. Je, mbuni ustawi juani au chini ya migomba? Mwenye shamba kubwa alipenda mistari iliyonyooka na jua la wazi. Mchaga aliiacha migomba mahali pake. Sayansi ya jani imeonyesha kwamba kila mmoja ana sehemu ya kweli, na inafaa kueleza kwa nini.

Mbuni wa arabika asili yake ni misitu ya Uhabeshi, ambako huishi chini ya miti mikubwa. Jani lake halihitaji jua zima. Likipata sehemu tu ya nuru ya adhuhuri, kloroplasti zake zimekwisha kufika ukomo wa kazi. Nuru inayozidi hapo haiongezi chakula, bali huleta joto na uchovu. Kloroplasti za jani la kivulini hujenga ndani yake tabaka nyingi zaidi za utando, ili zinase hata nuru haba. Tena hazikai mahali pamoja. Nuru ikipungua, hujitandaza mbele yake kama mtu aotaye jua la asubuhi. Ikizidi, hujibanza pembeni mwa seli kama mtu atafutaye upenu. Mbuni ulio juani huchanua sana na kuzaa sana. Ukipewa mbolea, maji na matandazo ya kutosha, humpa mwenyewe mavuno makubwa kuliko wa kivulini. Usipopewa, matunda humaliza chakula kuliko majani yawezavyo kutengeneza, ncha za matawi hukauka, na mwaka wa pili mti hupumzika kwa lazima. Kivuli kikizidi nacho hupunguza maua na kushikilia unyevu upendwao na kuvu.

Kwa hiyo ubishi haukuwa baina ya ujinga na elimu. Ulikuwa baina ya maswali mawili. Bwana shamba aliuliza: ekari hii itatoa kahawa kiasi gani? Mwenye kihamba aliuliza: ekari hii itatoa nini mwaka ambao kahawa haina bei, mwaka ambao mbolea haikununulika, mwaka ambao mvua imechelewa? Kwa swali la pili kivuli kilikuwa jibu la busara, na kipimo chake kilijulikana kwa jicho na panga: mkulima huondoa majani makuukuu ya mgomba au hukata tawi la mringaringa nuru inapopungua, huacha inapozidi.

Liko jambo la pili ambalo wenyeji walilitenda kabla ya sababu yake kujulikana. Mchaga alikuwa na kihamba juu, na shamba chini kuelekea nyika. Kihambani aliweka migomba, magimbi na maharage. Katika ardhi ya chini yenye jua kali aliweka ulezi wa mbege, na baadaye mahindi. Mwaka 1966 Hatch na Slack, wakifanya kazi Australia juu ya muwa, walieleza kwamba baadhi ya mimea ina njia ya pekee ya kuikamata hewa ya kabonidaioksaidi, ikitumia seli za namna mbili zenye kloroplasti za tabia mbalimbali. Mimea hiyo hustawi katika joto na nuru nyingi, na huyatumia maji kwa uangalifu. Ulezi na mahindi ni wa ukoo huo. Mgomba, mbuni, gimbi na haragwe si wa ukoo huo. Mpaka uliochorwa kwa jembe mlimani umekuwa sawasawa na mpaka uliochorwa kwa maabara.

Taifa lilipopata uhuru mwaka 1961, chuo kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kikifungua milango yake mwaka huo huo. Kitivo cha kilimo kilianza Morogoro mwaka 1969, kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Mwaka huo wa 1984 Fernandes, Oktingati na Maghembe walichapisha uchunguzi wao juu ya kihamba, wakihesabu zaidi ya aina 100 za mimea yenye matumizi na kukieleza kama mfumo kamili wa kilimo na misitu. Safari hii Watanzania walikuwa miongoni mwa waandishi. Baadaye Andreas Hemp, aliyetafiti mimea ya mlima kwa miongo mingi, alikuta katika vihamba zaidi ya aina 500 ukichanganya zilizopandwa na zilizojiotea. Na mwaka 2016 alitangaza pamoja na wenzake mkukusu wenye urefu wa mita 81.5 katika bonde la mlima huo, mti wa asili ya Afrika mrefu kuliko wote uliopata kupimwa barani humo. Mwaka 2011 kihamba cha Shimbwe Juu kiliingizwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima.

Sifa hizo zimekuja wakati kihamba chenyewe kinapungua. Ardhi imegawanywa kwa wana na wajukuu hata imekuwa vipande vidogo. Bei ya kahawa iliposhuka, mibuni iling'olewa mahali pengi, na miti ya kivuli ikapasuliwa mbao. Vijana wameshuka mjini Moshi, na wengine wamekwenda mbali zaidi. Wazee wajuao ni tawi lipi likatwe na lipi liachwe wanazidi kuwa wachache, na elimu yao haimo katika mtihani wowote.

Hapa ndipo mafundisho ya shule yanapoingia. Kilimanjaro haikukosa shule. Ni kati ya sehemu za Tanzania zilizotangulia kuwa nazo, na leo mjini Moshi kiko Chuo Kikuu Kikatoliki cha Mwenge kifundishacho walimu wa sayansi. Hata kabla ya shule hizo Wachaga walikuwa na mafundisho ya vijana yaliyopangwa kwa utaratibu, ambayo mmisionari Bruno Gutmann aliyaandika katika mabuku matatu yaliyotoka kati ya 1932 na 1938. Tatizo si uchache wa madarasa. Tatizo ni kwamba mtoto wa mlimani hujifunza habari za jani mara mbili, na mara hizo mbili hazikutani. Katika shule ya msingi, ambayo lugha yake ya kufundishia ilifanywa Kiswahili mwaka 1967, husoma juu ya umbijani na usanisinuru. Akiingia sekondari huyasoma hayo hayo kwa Kiingereza, kana kwamba jani limebadilika. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba maneno hayapo. Kilichokosekana ni daraja kati ya neno, darasa na kihamba.

Daraja hilo si ghali. Jaribio la Sachs lahitaji jani, karatasi nyeusi, spiriti, maji ya moto na matone ya iodini. Mwalimu wa mlimani aweza kulifanya kwa jani la mbuni wa juani na la mbuni wa chini ya mgomba, akawataka wanafunzi walinganishe unene, rangi na ukubwa wa majani hayo, kisha wakamwulize babu yao kwa nini mgomba fulani haukukatwa. Hapo mwanafunzi ataona kwamba kloroplasti si jambo la kukariri kwa ajili ya mtihani, bali ndiyo sababu ya kanuni aliyoikuta nyumbani. Na babu ataona kwamba kanuni yake ina sababu iwezayo kupimwa, na pengine kusahihishwa, kwa kuwa si kila mazoea ya kale ni hekima. Kivuli kikubwa mno ni kosa hata kama kiliachwa na babu wa babu.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Volkens aliinama akatazama jani, lakini hakumwinamia mwenye shamba. Wataalamu wa baadaye walimwinamia mwenye shamba kidogo kidogo, wakakuta kwamba mengi waliyoyatafuta yalikuwa yakitendwa. Zamu ya sasa ni ya wana wa mlima wenyewe, wenye darubini mkono mmoja na panga la kupogolea mkono wa pili. Wakiyashika yote mawili, hazina ya mimea ya Kilimanjaro haitategemea nyumba moja iwezayo kuungua. Wakiliacha panga, watabaki na majina ya Kilatini ya miti isiyokuwapo. Wakiiacha darubini, watabaki na kanuni wasizoweza kuzitetea siku mnunuzi wa mbao atakapogonga mlango.